Bandari ya Elbe Iliyoijua Unguja

Meli itokayo Bahari ya Kaskazini kwenda Hamburg haitii nanga pwani. Huingia mdomo wa mto Elbe, ikapanda nao zaidi ya kilomita mia moja kuelekea bara, ikipita kati ya mashamba na matuta ya kuzuia maji, mpaka minara ya makanisa ya mji ianze kuonekana. Bahari nayo huifuata hadi huko. Maji hujaa na kupwa Hamburg kama yanavyojaa na kupwa Kilindini au Forodhani, na tofauti yake hupita mita tatu, hivyo tangu zamani manahodha wa mto ule wamepanga kuingia na kutoka kwao kwa kuyasoma maji. Mji huo ulio mbali na bahari, lakini unaoishi kwa bahari, ndio uliowaleta Unguja wafanyabiashara wa kwanza wa Kijerumani. Walifika zaidi ya miaka thelathini kabla Carl Peters, Mjerumani mtafuta makoloni, hajapita Usagara na karatasi zake za mikataba. Walikuja kwa mizani, daftari na mkopo, na kwa idhini ya Sultani.

Sisi tuliosoma historia ya Wajerumani shuleni tulianzishiwa mwaka 1884, tukaenda moja kwa moja kwa Abushiri, Mkwawa na Maji Maji. Miaka thelathini na tano iliyotangulia tuliiruka. Humo ndimo mnaonekana mambo ambayo bunduki haiwezi kuyaeleza: namna mji mmoja wa wafanyabiashara ulivyofungamana na pwani yetu, ukatajirika, na kuchagua kuona kile tu kilichoweza kuingia katika hesabu.

Mji wenyewe ulianza kama ngome ndogo ya karne ya 9 iliyoitwa Hammaburg, ambayo Waviking waliichoma mwaka 845. Baadaye ukakua kwa ushuru na samaki, kisha kwa pombe na nafaka. Kila mwaka wakazi wake husherehekea siku ya kuzaliwa kwa bandari yao, tarehe 7 Mei, kwa sababu inasemekana kwamba siku hiyo, mwaka 1189, Mfalme Friedrich Barbarossa aliwapa hati ya kusafirisha bidhaa kwenye Elbe ya chini bila kutozwa ushuru. Hati iliyopo leo ni ya kughushi. Iliandikwa miongo kadhaa baadaye ili mji uwe na karatasi ya kuonyesha mbele ya wapinzani wake. Ninaitaja kwa sababu inaeleza tabia ya mji huu vizuri kuliko vita vyovyote: mji ambao cheti chake cha kuzaliwa ni msamaha wa ushuru.

Pamoja na Lübeck, Hamburg ilikuwa miongoni mwa nguzo za umoja wa miji ya biashara ulioitwa Hansa. Umoja huo uliponyauka, Hamburg ilibaki mji huru. Haikuwa na mfalme wala mtemi. Ilitawaliwa na Seneti, na Seneti ilijaa watu wa koo za wafanyabiashara na wanasheria wao. Mtu mwenye meli tatu alikuwa na sauti kuliko mtu mwenye nishani kumi. Uhuru huo ndio ulioiwezesha baadaye kufunga mkataba na Zanzibar kwa jina lake na la miji wenzake, wakati dola ya Ujerumani haijazaliwa.

Mwezi Mei 1842 moto uliwaka siku tatu mfululizo, ukateketeza karibu theluthi ya mji wa kale. Mhandisi Mwingereza, William Lindley, alisaidia kuupanga upya na kuujengea mifereji ya majitaka na mabomba ya maji. Mabomba hayo tutayarudia. Kwa sasa tuwafuate wafanyabiashara, maana majivu yalikuwa hayajasahaulika walipoanza kutazama Bahari ya Hindi.

Kilichowaleta hakikuwa pembe wala karafuu. Kilikuwa kauri, yaani simbi, vile vigamba vidogo ambavyo watoto wa pwani huviokota maji yanapokupwa. Katika Afrika Magharibi, kuanzia Lagos na Ouidah kwenda bara, simbi zilikuwa fedha halali. Katika nchi ya Wayoruba hesabu yake ilikuwa na mpango kamili: arobaini zilitungwa katika uzi mmoja, nyuzi hamsini zikafanya kichwa kimoja cha simbi elfu mbili, na vichwa kumi vikafanya mfuko wa elfu ishirini. Kwa karne nyingi simbi hizo zilitoka visiwa vya Maldives, zikapitia India na Ulaya, na safari hiyo ndefu ndiyo iliyozifanya ziwe chache na zishike thamani yake.

Katika miaka ya 1840 mfanyabiashara mmoja wa Hamburg, Adolph Jacob Hertz, aligundua kwamba simbi za pwani ya Afrika Mashariki, kubwa kidogo kuliko za Maldives na rahisi mno kwa bei, zingekubalika huko Magharibi. Alijaza meli, ikazunguka Rasi ya Tumaini Jema, akauza kwa faida kubwa, na akajitahidi kuificha siri hiyo. Lakini mji ambao kila mtu anahesabu meli za jirani yake hauwezi kuficha jambo kama hilo. Kampuni ya William O'Swald ilimfuata, na mwaka 1849 ikafungua tawi lake Unguja. Kampuni ya Hansing nayo ilifika miaka michache baadaye.

Kazi ya simbi ilikuwa ngumu, tena ya kunuka. Watu wa pwani na visiwa waliziokota mwambani, wakazirundika juani mpaka konokono aliye ndani aoze na kutoka, kisha zikaoshwa na kutiwa magunia. Kutoka Unguja zilikwenda Lagos na Ouidah, ambako zilinunua mafuta ya mawese. Mawese yakapelekwa Hamburg kuwa sabuni, mishumaa na mafuta ya kulainisha mashine za viwanda vipya. Meli ikateremsha shehena yake, ikapakia bidhaa za Ulaya, na kuanza mzunguko upya. Kila pembe ya safari ilikuwa na faida yake.

Hapo ndipo penye jambo ninaloliona zito kuliko mengine ya kipindi hicho. Kampuni chache za Hamburg na Ufaransa ziliingiza Afrika Magharibi simbi nyingi kiasi kwamba fedha ya mamilioni ya watu ilianza kupoteza thamani. Bei zikapanda. Akiba ya mjane aliyekuwa ameweka vichwa vyake vya simbi chini ya sakafu ikapungua bila mtu kuigusa, na kuzisafirisha kukawa ghali kuliko thamani yake. Hakuna bunduki iliyopigwa wala bendera iliyopandishwa, na katika daftari za Hamburg jambo lote linaonekana kama biashara nzuri iliyofikia mwisho wake. O'Swald walipoona faida imekwisha waliachana na Lagos, na mwaka 1869 biashara yao ya huko ikachukuliwa na Mjerumani mwingine, G. L. Gaiser. Hasara ilibaki kwa wenye simbi.

Unguja, hata hivyo, hawakuondoka. Walikuwa wamekwisha kuona mengine: pembe za ndovu, sandarusi ya kutengenezea vanishi, ngozi, ufuta na karafuu. Tarehe 13 Juni 1859, miji ya Hansa ya Hamburg, Bremen na Lübeck ilifunga mkataba wa urafiki na biashara na Sultani Majid bin Said. Wamarekani, ambao nguo yao ya merikani ilikuwa imeshika soko lote hadi Unyamwezi, walijeruhiwa na vita vyao wenyewe kuanzia 1861 hadi 1865, pamba ikakosekana, na Wahamburg wakajaza nafasi. Walileta bunduki na baruti, nyaya za shaba, shanga, nguo na riale za fedha zenye sura ya Maria Theresa. Kufikia mwisho wa miaka hiyo walikuwa miongoni mwa wafanyabiashara wakubwa wa kigeni bandarini.

Wao wenyewe hawakwenda bara. Pembe zililetwa na misafara ya Waswahili, Waarabu na Wanyamwezi, zikapitia kwa wafadhili wa Kihindi, na zikawafikia Wahamburg zikiwa zimepimwa. Hamburg zilinunuliwa na nyumba kama ile ya Heinrich Adolph Meyer, zikachongwa vipini vya bakora, mipira ya biliadi na vibao vya piano. Karafuu nazo zilichumwa Unguja na Pemba na watumwa. Biashara ya watumwa kwa njia ya bahari ilipigwa marufuku mwaka 1873, lakini utumwa wenyewe ulipoteza nguvu ya kisheria mwaka 1897 tu. Mfanyabiashara wa Hamburg angeweza kusema kwa kinywa safi kwamba yeye hakununua mtu. Alinunua karafuu.

Katika jamii hii ya makarani vijana, wanaoishi juu ya maghala yao katika Mji Mkongwe, alikuwapo Rudolph Heinrich Ruete, wakala wa Hansing. Nyumba yake ilipakana na ya binti wa hayati Sultani Said bin Sultan.

Sayyida Salme alizaliwa tarehe 30 Agosti 1844 katika kasri la Mtoni. Mama yake, Jilfidan, alikuwa suria wa Kicherkesi. Binti huyu alijifunza kuandika mwenyewe, jambo ambalo wasichana wa kasri hawakufundishwa, kwa kunakili herufi za Kurani juu ya mfupa wa bega la ngamia. Elimu hiyo ya siri ilimponza. Baba yao alipokufa mwaka 1856 na ndugu zake wakagawanyika, Barghash aliyetaka kiti cha Majid alimtumia mdogo wake huyo kuwa mwandishi wa njama. Uasi ulishindwa mwaka 1859. Baadaye Salme alipatana na Majid, na kwa kupatana huko akawapoteza wale wa upande wa Barghash. Mama alikuwa amekwisha kufariki. Alikuwa na mashamba na mali, lakini ndani ya ukoo alikuwa peke yake alipoanza kuzungumza na jirani wa Kijerumani, baraza hadi baraza.

Mwaka 1866 alikuwa mjamzito. Jaribio la kwanza la kutoroka kwa meli ya Hamburg lilishindikana. Mwishoni mwa Agosti, siku ya Mwaka, wakati watu wa mji kwa desturi huteremka pwani kuoga usiku, alitembea na umati hadi ufukweni na kupanda mashua iliyompeleka kwenye manowari ya Kiingereza, Highflyer. Aden alijifungua mtoto wa kiume, akamngoja Ruete miezi mingi huku yeye akimaliza shughuli zake Unguja. Sultani hakumfukuza mfanyabiashara huyo. Biashara ilikuwa na thamani yake. Tarehe 30 Mei 1867 Salme alibatizwa kwa jina la Emily, akaolewa siku hiyohiyo, na wakaanza safari ya Ulaya. Mtoto yule alikufa njiani, nchini Ufaransa.

Waliwasili Hamburg Juni 1867, mwaka uleule mji huo ulipoingia katika Shirikisho la Ujerumani ya Kaskazini. Wakaishi Uhlenhorst, kando ya ziwa Alster. Katika barua ndefu alizoziandika baadaye, zilizochapishwa baada ya kifo chake, anaeleza mji ule kama mtu anayejifunza kupumua upya: milango inayofungwa daima, ubaridi, chakula asichoweza kukila, wageni wanaokuja kumtazama binti mfalme wa Kiarabu kisha wasirudi. Hakuwa na mtu wa kuzungumza naye Kiswahili wala Kiarabu isipokuwa mumewe. Kati ya 1868 na 1870 alizaa watoto watatu, Antonie, Rudolph Said na Rosalie.

Agosti 1870, wakati vita vya Ujerumani na Ufaransa vimeanza, Ruete aliteleza akishuka kwenye tramu ya farasi na kukanyagwa. Akafa baada ya siku chache. Mjane alikuwa na miaka 25, watoto watatu, mkubwa wao akiwa na miaka miwili, katika nchi ambayo bado alikuwa anajifunza lugha yake. Hapo utaona mpaka wa ukarimu wa mji wa wafanyabiashara. Walimpokea mke wa mwenzao. Mjane walimwona kama hesabu isiyolipika. Mali iliyobaki ilipungua haraka, na Salme akauacha mji, akahama kutoka Dresden hadi Rudolstadt na Berlin, akifundisha Kiarabu ili watoto wale.

Matumaini yake yalikuwa urithi wake Unguja, lakini Majid alikufa mwaka 1870 na aliyekalia kiti sasa ni Barghash, ambaye hakumsamehe. Na hapa ndipo maisha ya mwanamke mmoja yalipochukuliwa na siasa za dola. Peters alikuwa amerudi na mikataba yake, Kaiser ametoa hati ya ulinzi Februari 1885, na Barghash anapinga. Agosti mwaka huo manowari za Kijerumani zilijipanga mbele ya Unguja zikielekeza mizinga kwenye kasri. Kansela Bismarck alimruhusu Salme aje na watoto wake pamoja na msafara huo, kwa kisingizio cha madai ya urithi. Sultani alipokubali masharti, madai ya Salme hayakuhitajika tena. Alitembea katika mitaa ya utotoni mwake, watu wakamsalimia kwa furaha, na akarudi Ulaya bila urithi. Alijaribu tena mwaka 1888, bure.

Mwaka 1886 alichapisha kumbukumbu za maisha yake kwa Kijerumani, na watu husema kitabu hicho ni miongoni mwa vya kwanza kabisa vya aina hiyo kuandikwa na mwanamke wa Kiarabu. Kwa yeyote anayetaka kujua Mtoni ilinukaje na ilisikikaje, hakuna kinachokizidi. Kina pia sura inayotetea utumwa wa nyumba za Waarabu, na inayowasema Waafrika kwa dharau. Msomaji asiiruke sura hiyo. Mwanamke aliyeandika kwa uchungu mwingi juu ya kupoteza nyumba yake hakuweza kuona kwamba waliomhudumia katika nyumba hiyo nao walikuwa wamepoteza zao.

Aliishi miaka mingi Jaffa na Beirut, akarudi Ujerumani mwaka 1914, na akafa Jena tarehe 29 Februari 1924. Majivu yake yalizikwa Hamburg, katika makaburi ya Ohlsdorf, kwenye kaburi la ukoo wa Ruete, pamoja na mchanga wa Unguja uliokutwa katika vitu vyake. Mwanawe Rudolph Said-Ruete aliandika historia ya babu yake Said bin Sultan, iliyotoka London mwaka 1929.

Turudi kwenye mji. Wafanyabiashara wa Hamburg waliokaa Unguja hawakuwa na hamu na koloni. Utajiri wao ulitegemea Sultani mwenye nguvu na bandari iliyo wazi kwa wote, na Peters waliona ni mtu wa kuwaharibia. Lakini bendera ilipopandishwa walijipanga nyuma yake, na mji wenyewe ukabadilika kwa kasi. Hadi 1888 Hamburg ilikuwa nje ya mipaka ya forodha ya Ujerumani. Ilipokubali kuingia, ilidai ibaki na eneo la bandari huru ambamo bidhaa zingehifadhiwa na kuchanganywa bila ushuru. Ili kulipata eneo hilo, mitaa ya Kehrwieder na Wandrahm ilibomolewa na watu kama elfu ishirini wakahamishwa, wengi wao wapakuzi na vibarua waliohitaji kuishi karibu na kazi. Mahali pao pakasimikwa, juu ya maelfu ya nguzo za mwaloni, safu za maghala ya matofali mekundu yaitwayo Speicherstadt, ambayo UNESCO iliyaingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 2015. Kaiser Wilhelm wa Pili aliyafungua Oktoba 1888. Mtalii wa leo huyapiga picha na kuyaona kama mandhari. Hapo palikuwa na nyumba za watu kabla hapajawa na nyumba za kahawa, pilipili na karafuu.

Waliohamishwa wengi walibanana katika vichochoro vya mji wa kale. Agosti 1892 kipindupindu kiliingia. Mabomba yaliyojengwa baada ya moto wa 1842 bado yalileta maji ya Elbe bila kuchujwa, kwa sababu Seneti ilikuwa imeahirisha gharama za vichujio mwaka baada ya mwaka. Na ugonjwa ulipothibitishwa, viongozi walichelewa kuutangaza, wakihofia karantini itakayofunga bandari. Zaidi ya watu 8,600 walikufa katika majuma machache. Altona, mji jirani uliopakana na Hamburg mtaa kwa mtaa lakini ulichuja maji yake kwa mchanga, ulipata wagonjwa wachache mno. Berlin ilimtuma Robert Koch, na alichokiona katika vichochoro vile kilimtisha. Vichujio vilianza kazi mwaka 1893. Miongo miwili nyuma, mwaka 1869 na 1870, Unguja nayo ilipukutishwa na ugonjwa huohuo. Nadhani inafaa kuzisoma habari hizi mbili pamoja, hasa kwa wale waliozoea kudhani kwamba kipindupindu ni aibu ya miji ya Afrika. Huyohuyo Koch baadaye alifika Dar es Salaam kuchunguza malaria, na mwaka 1900 Hamburg ilifungua taasisi yake ya magonjwa ya mabaharia na ya nchi za joto, ambayo ipo mpaka leo kwa jina la mwanzilishi wake, Bernhard Nocht.

Mwaka 1890 iliundwa huko Hamburg kampuni ya meli ya Deutsche Ost-Afrika-Linie, ikipewa na serikali ruzuku ya marki 900,000 kila mwaka. Meli zake zilishuka kwa njia ya Suez hadi Tanga, Dar es Salaam, Unguja na zaidi kusini. Zilileta maofisa, wamishonari na reli; zilirudi na mpira, mbata, ngozi na pembe. Katika moja ya safari za wakati huo ulipita mzigo mdogo sana uliobadilisha nchi yetu. Mtaalamu wa kilimo Richard Hindorf aliagiza kutoka Florida miche elfu moja ya mkonge, ikapitia Hamburg, na mwaka 1893 ikafika Tanga ikiwa imebaki 62 iliyo hai. Kutoka kwa miche hiyo 62 yalikuja mashamba yote ya Tanga na Morogoro, na manamba waliosafirishwa kutoka Songea, Kigoma hata Burundi kuyakata. Kamba za meli zilizofungwa kwenye gati za Elbe zilikuja kusokotwa kwa jasho lao.

Meli hizo pia zilichukua vijana wa pwani kama wahudumu na wapiga makaa. Mmoja alikuwa Bayume Mohamed Husen, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, mtoto wa askari, naye akatumika katika jeshi la Kijerumani la Lettow-Vorbeck angali mtoto. Mwaka 1929 alifika Ujerumani akiwa mhudumu katika meli, akaenda Berlin kudai mishahara ya vita ambayo yeye na baba yake hawakulipwa. Akanyimwa. Alibaki, akawa mhudumu wa hoteli, akafundisha Kiswahili chuo kikuu, akaigiza katika filamu. Ya mwisho ilikuwa filamu ya mwaka 1941 ya kumtukuza Carl Peters, ambamo mwigizaji mashuhuri wa Hamburg, Hans Albers, alicheza Peters mwenyewe. Mwaka huohuo Husen alikamatwa kwa kosa la uhusiano na mwanamke mzungu, akapelekwa kambi ya mateso ya Sachsenhausen, na kufa humo Novemba 1944.

Hamburg yenyewe ilikuwa imeungua mwaka mmoja kabla. Kati ya mwisho wa Julai na mwanzo wa Agosti 1943 ndege za Uingereza na Marekani ziliishambulia usiku na mchana, na usiku wa tarehe 27 kwenda 28 moto uliungana ukawa tufani. Zaidi ya watu 30,000 walikufa, wengi katika mitaa ya wafanyakazi ya Hammerbrook.

Katika mji huo uliojengwa upya, palikuwa na kitu kilichotoka kwetu kikiwa bado kimesimama. Mwaka 1909 Wajerumani walisimamisha Dar es Salaam sanamu ya Hermann von Wissmann, aliyeuvunja upinzani wa pwani na kumnyonga Abushiri bin Salim pale Pangani mwezi Desemba 1889. Wissmann alichongwa akitazama mbali, na chini yake askari Mwafrika akimtazama yeye. Waingereza walipoitwaa nchi waliing'oa na kuichukua London kama nyara, kisha ikarudishwa Ujerumani, na mwaka 1922 ikawekwa mbele ya Chuo Kikuu cha Hamburg. Chuo hicho kilikuwa kimerithi Taasisi ya Kikoloni ya mwaka 1908, mahali ambapo Carl Meinhof alifundisha lugha za Kibantu na maofisa walijifunza Kiswahili kabla ya kupanda meli.

Sanamu ilisimama pale miongo kadhaa. Mwaka 1967 wanafunzi waliivuta kwa kamba, ikaanguka. Wenye mamlaka wakairudisha. Mwishoni mwa Oktoba 1968 wakaiangusha tena, na haikurudishwa. Iliwekwa kwenye chumba cha chini cha kituo cha kutazamia nyota huko Bergedorf. Mwaka 2004 msanii Jokinen aliitoa, akaisimamisha bandarini kwa miezi kumi na minne, na kuwauliza wakazi kwa njia ya intaneti wafanye nini nayo. Wengi walikuwa hawajawahi kusikia kwamba mji wao una deni lolote na Pangani.

Tangu hapo mambo yamekwenda kwa kusuasua, lakini yamekwenda. Mwaka 2010 Hamburg na Dar es Salaam zilifunga udugu wa miji. Mwaka 2014 Seneti iliamua rasmi kushughulikia urithi wa kikoloni, na chuo kikuu kikaunda kituo cha utafiti. Mwaka 2019 uwanja mmoja Uhlenhorst uliitwa kwa jina la Emily Ruete. Mwaka uliofuata, baada ya watu kukisoma kitabu chake kwa makini, halmashauri ya wilaya iliamua jina hilo liondolewe. Mimi naona uamuzi huo ulikuwa wa haki, ingawa unauma. Ningependa watoto wa Hamburg wamjue Salme, hata wampende, lakini jina la uwanja ni heshima, na heshima hiyo haiwezi kutolewa bila kuwauliza wajukuu wa waliochuma karafuu.

Zipo bado karatasi. Hifadhi ya nyaraka za serikali ya Hamburg inatunza makabrasha ya kampuni ya O'Swald, yenye barua za mawakala wake kutoka Unguja za miaka ambayo Salme alikuwa bado msichana wa Mtoni. Zimeandikwa kwa mwandiko wa Kijerumani wa kale ambao hata Wajerumani wengi wa leo hawausomi. Wanahistoria wa Ulaya wamezitumia kuandika historia ya biashara ya Hamburg. Historia ya pwani iliyomo humo, ya bei, madeni, mavuno, magonjwa na majahazi, inamhitaji mtu anayejua Mafia iko wapi na sandarusi huchimbwaje, na ambaye yuko tayari kutumia mwaka mzima kujifunza mwandiko ule.